Mwandishi wa Hati ni wa Nani? Kutoka Msowero ya 1884 hadi Nyumba za Tindiga

 

Miaka michache iliyopita tuliitwa katika kata ya Tindiga, wilaya ya Kilosa, kusuluhisha ugomvi wa nyumba. Aliyeinunua ni mstaafu, mtu wa swala tano, ambaye alitaka kumalizia umri wake mahali penye shamba la mpunga na msikiti wa karibu. Alikuwa na karatasi mkononi, imepigwa muhuri, imetiwa saini na mashahidi wawili, na kila aliposemeshwa aliinyanyua ile karatasi na kusema, "Sheikh, mimi nimeandikiana." Mbele yake alikaa mama mmoja mjane, na mabinti zake wawili nyuma yake. Huyu mama hakuwa na karatasi yoyote. Alisema tu kwamba nyumba ile aliijenga na marehemu mumewe, na kwamba siku inauzwa yeye alikuwa Mikumi akimuuguza dada yake.

Tutarudi kwenye kadhia hiyo. Kwanza tunamwomba ndugu msomaji atufuate nyuma kidogo katika historia, kwani wilaya hii ya Kilosa ina kisa cha hati ambacho kila mtoto wa Tanzania anakisoma shuleni, lakini ni wachache wanaokisoma kwa jicho la fiqhi.

Mkataba wa Msowero

Msowero iko kaskazini ya mji wa Kilosa, njia ya kwenda Dumila. Tarehe 29 Novemba 1884 alifika hapo Karl Peters, kijana wa Kijerumani aliyekuwa ametua Unguja mwanzoni mwa mwezi huohuo pamoja na wenzake, akiwakilisha jumuiya yao ya ukoloni. Akakutana na Mangungo, aliyeandikwa katika hati kuwa ni Sultani wa Msowero katika Usagara. Hati ikatengenezwa. Iliitwa mkataba wa urafiki wa milele, lakini ndani yake Mangungo alikabidhi nchi yake yote, na haki zake zote, kwa ajili ya ukoloni wa Kijerumani. Tarehe 27 Februari 1885 serikali ya Ujerumani ikatoa hati ya ulinzi juu ya nchi zilizopatikana kwa mikataba ya namna hiyo, nazo ni Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami. Sayyid Barghash wa Unguja alipinga, lakini mwezi Agosti mwaka huo manowari za Kijerumani zilikwishatia nanga mbele ya kasri lake.

Watu wengi husema Mangungo alidanganywa kwa sababu hakujua kusoma. Sisi tunaona hilo ni nusu tu ya maneno. Kutojua kusoma si aibu katika biashara, na wala si kizuizi cha haki. Uislamu uliteremka kwa umma ambao wengi wao hawakusoma wala kuandika, na hata hivyo ukawapa njia ya kuandikiana. Tazama zaidi ile hati yenyewe. Mwandishi wake ni yule anayechukua. Lugha yake ni lugha ya yule anayechukua. Mkalimani aliyetajwa ndani yake, mtu aliyeitwa Ramazan, ni wa msafara wa yule anayechukua. Na hati hiyohiyo inasema kwamba mkalimani alieleza kila kitu kwa uwazi, yaani hati inajishuhudia yenyewe! Zaidi ya hayo, imetaja ndani yake kwamba huenda kuna haki za mkubwa mwingine, Mwenyi Sagara, juu ya nchi hiyo. Kwa hiyo mnunuzi alikiri kwa kalamu yake mwenyewe kwamba milki ya muuzaji ina mashaka, kisha akaendelea.

Yeyote aliyesoma mlango wa biashara katika vitabu vyetu atauliza swali moja tu: huyu mwandishi alikuwa wa nani?

Aya ndefu kuliko zote

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu haizungumzii swala wala hija. Ni aya ya 282 ya Suratul Baqara, nayo inazungumzia kuandikiana. Mwenyezi Mungu (S.W.) ameamrisha deni la muda liandikwe, na mwandishi aandike baina ya pande mbili kwa uadilifu, wala asikatae kuandika kama alivyofundishwa na Mola wake. Kisha ikaja hukumu ambayo maulamaa wameisimamia sana: anayemsomea mwandishi cha kuandika ni yule ambaye haki iko juu yake, mdaiwa, si mdai. Na kama mdaiwa ni mpumbavu, au dhaifu, au hawezi kusoma maneno hayo, basi walii wake ndiye asome kwa uadilifu. Hekima yake iko wazi. Hati ni kukiri, na kukiri hakuna maana kukitoka katika kinywa cha anayefaidika. Kule Msowero mambo yaligeuzwa juu chini: mwenye kupata ndiye aliyesoma, ndiye aliyeandika, na mwenye kutoa akatia alama yake tu.

Aya hiyohiyo imeamrisha kushuhudisha mtu anapouza, na imekataza madhara kwa mwandishi na shahidi. Neno la Kiarabu lililotumika linabeba maana mbili, kwamba wasidhuriwe, na kwamba wao wasimdhuru mtu. Wafasiri wamezipokea zote mbili.

Je, kuandika ni wajibu? Jamhuri ya maulamaa wamesema ni sunna na mwongozo, kwa dalili ya aya inayofuata inayotaja hali ya watu kuaminiana. Imamu Tabari na Ibn Hazm wameona ni wajibu. Nasi hatuko hapa kutoa fatwa juu ya khilafu hiyo, ila tunasema kwamba mtu anayenunua nyumba kwa akiba ya miaka thelathini, kutoka kwa mtu asiyemfahamu baba yake wala babu yake, katika zama hizi, akijificha nyuma ya neno "sunna" ili asiandike, huyo hakuifahamu sunna.

Mtume wetu (S.A.W.) mwenyewe aliandikiana. Imepokewa na Tirmidhi na Ibn Majah, na Bukhari ameitaja bila sanadi kamili, habari ya hati baina yake na Al-Adda bin Khalid katika mauzo ya mtumwa. Hati ile fupi ilitaja majina ya pande mbili, ikataja kinachouzwa, kisha ikaweka sharti kwamba hakuna ndani yake ugonjwa, wala hila, wala uovu, kwani ni mauzo ya Mwislamu kwa Mwislamu. Hapo pana mambo ambayo wakili wa leo analipwa kuyaandika: nani, nini, na dhamana ya kwamba hakuna kasoro iliyofichwa.

Elimu ya shurut

Kutokana na mizizi hiyo ilichipuka elimu kamili, ambayo wanafunzi wetu wa madrasa siku hizi hawaisikii hata jina lake: ilmu ya shurut, na watu wa Maghribi na Andalus wakaiita ilmu ya wathaiq. Ni elimu ya kuandika hati za mauzo, ijara, waqfu, rahani na mirathi kwa namna ambayo kadhi hatapata mwanya wa kuzivunja. Mabingwa wake ni wengi. Tunamtaja Imamu Abu Jaafar Tahawi wa Misri, aliyefariki mwaka 321 Hijria (933 Miladia), ambaye wengi wanamjua kwa kitabu chake cha akida, na hali yeye aliandika vitabu vikubwa na vidogo vya shurut. Sarakhsi ameweka mlango mzima wa shurut ndani ya Mabsut. Andalus alikuwapo Ibn al-Attar, aliyefariki mwaka 399 Hijria, na huko Fes Imamu Wansharisi, aliyefariki mwaka 914 Hijria, akaandika kitabu juu ya adabu za mwandishi wa hati.

Tutazame mifano michache ya kazi yao, ili msomaji aone jinsi watu wale walivyokuwa makini.

Katika hati za nyumba waliandika mipaka minne, na walibishana kwa siku nyingi juu ya neno moja. Ukisema mpaka wa kwanza "ni" nyumba ya fulani, mtu anaweza kudai kwamba nyumba ya fulani imeingia katika mauzo. Kwa hiyo wakachagua kusema mpaka "unaishia" kwa fulani au "unafuatana" na kwa fulani. Katika bei, waandishi wa Misri walikuwa wakitaja thamani yote na kisha nusu yake, kwa mfano dinari mia moja ambazo nusu yake ni hamsini, ili asije mtu akaongeza alama moja kwenye tarakimu na kuharibu haki ya mwenziwe. Na waliweka sharti waliloliita dhamana ya daraki: ikiwa atatokea mtu mwingine mwenye haki juu ya nyumba hii, muuzaji ndiye atakayebeba, na fedha zitarudi.

Na juu ya yote hayo hawakuiamini karatasi peke yake. Walisema khati hufanana na khati. Thamani ya hati ilikuwa katika mashahidi waadilifu walioijua, na ndiyo maana huko Misri, mwishoni mwa karne ya pili Hijria, makadhi walianza kuweka orodha ya mashahidi waliothibitishwa uadilifu wao, na anayeharibikiwa aliondolewa katika orodha. Huko Morocco watu hawa waitwao adul wapo hadi leo. Kwa hiyo wakili mwenye leseni inayohuishwa kila mwaka, ambaye jina lake laweza kufutwa katika daftari la mawakili akifanya khiyana, si jambo geni kwetu hata kidogo. Ni yuleyule aliyevaa koti jingine.

Mwambao wetu ulikuwa na utaratibu huu. Makadhi wa Unguja, Lamu na Mombasa waliandika hati za mauzo na waqfu kwa Kiarabu, na familia zikazihifadhi katika masanduku. Faida yake ilionekana ilipokuja Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 katika pwani ya Kenya, iliyowataka wenye ardhi walete madai yao mbele ya Mwandikishaji. Ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Serikali ya Kifalme. Aliyekuwa na hati ya babu yake alikuwa na la kusema.

Bara hali ilikuwa tofauti. Ardhi ya Wasagara na majirani zao ilijulikana kwa ukoo, kwa mti na kwa mto. Amri ya Kaisari ya tarehe 26 Novemba 1895 ikatangaza kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni ya dola, na kalamu ikawa tena mkononi mwa mgeni. Waingereza wakaleta Sheria ya Ardhi ya 1923, na kuifanya ardhi yote kuwa ya umma chini ya Gavana. Chama cha Wanasheria wa Tanganyika kikaundwa mwaka 1954, na kwa muda mrefu wakili alikuwa mtu wa mjini, wa wenye mashamba ya katani na maduka, si wa mkulima wa Tindiga. Kisha vikaja vijiji vya miaka ya sabini, ambapo watu walihamishwa na kupangwa upya, na mtu akajenga juu ya shamba lililokuwa la mwenziwe. Ugomvi mwingi wa leo ni mtoto wa miaka ile.

Hapa pana hukumu ambayo kila imamu aijue. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliamua kwamba mauzo ya ardhi iliyo ndani ya kijiji kilichoandikishwa, bila ya ridhaa ya Halmashauri ya Kijiji, ni batili. Kesi ile ilihusu ardhi ya Mbezi, Dar es Salaam, lakini msingi wake ndio uliobaki. Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 zilipitishwa mwaka 1999 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2001, na katika ardhi ya kijiji Halmashauri ya Kijiji bado ndiyo mlango wa kupitia.

Mwenye kununua leo

Sasa tuje Tindiga ya leo. Nchi ni tambarare, mito inaijaza masika yakizidi, na mpaka uliowekwa kwa mminyaa au kijito mwaka huu huenda mwakani usiuone. Reli ya kisasa imepita Kilosa, na watu wa mbali wameanza kuuliza bei. Panapoulizwa bei, dalali hachelewi, na nyuma ya dalali yupo kishoka mwenye muhuri.

Ndugu msomaji, jambo la kwanza ni kujua kama anayejiita wakili ni wakili kweli. Mahakama imeweka mfumo wa mtandao uitwao e-Wakili ambamo jina la wakili hutafutwa. Kijana yeyote mwenye simu msikitini anaweza kukusaidia kwa dakika mbili. Sheria ya Mawakili inakataza asiye na sifa kuandaa hati za mali kwa malipo, na inataka aliyeandaa hati aandike jina na anuani yake juu ya hati hiyo. Hati ya mauzo isiyosema nani ameiandaa ni kama mtoto aliyeokotwa njiani. Na mtendaji wa kijiji, pamoja na heshima yake, si wakili. Muhuri wake unathibitisha kwamba kijiji kinajua, haujibu swali la kama muuzaji anamiliki. Ile desturi ya baadhi ya viongozi kudai asilimia kumi ya bei ili watie saini, hatujaiona katika Sheria ya Ardhi ya Vijiji, na mwenye kuitoa aombe risiti aone kama itapatikana.

La pili ni lile la Msowero: wakili huyu ni wa nani? Mara nyingi muuzaji au dalali husema, "Mzee usihangaike, wakili tunaye, gharama ni juu yetu." Maneno matamu. Katika madhehebu yetu ya Shafii, wakili aliyepewa kazi ya kuuza hawezi kujiuzia mwenyewe, na mtu mmoja hashiki ncha mbili za mkataba, isipokuwa baba au babu kwa mtoto wake mdogo, kwa sababu huruma ya mzazi inajulikana. Maulamaa hawakusema hivyo kwa kumtuhumu kila wakili. Wamesema hivyo kwa sababu anayeuza anataka bei ipande na anayenunua anataka ishuke, na moyo mmoja hauwezi kutaka yote mawili kwa ikhlasi. Basi mnunuzi awe na wakili wake, amlipe yeye mwenyewe, hata kama itambidi apande gari hadi Kilosa mjini au Morogoro. Asiye na uwezo kabisa aanze kwa wasaidizi wa kisheria, waliotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, wamwelekeze.

Malipo yajulikane kabla ya kazi. Ijara yenye ujira usiojulikana haisihi, na serikali nayo imeweka Kanuni za Malipo ya Mawakili za mwaka 2015, basi ulizia kiwango bila haya. Fedha za ununuzi zisipite mikononi kwa mikono kwenye kibaraza. Ziende benki, au zikae kwa wakili katika akaunti ya wateja zikiwa amana, na kila hatua iwe na risiti.

Na kazi ya wakili ni ipi? Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, wanadhani kazi yake ni kuandika. Kuandika ni mwisho wa kazi. Kama nyumba imepimwa na ina hati, afanye upekuzi kwa Msajili wa Hati ajue jina lililomo na kama kuna rehani ya benki au zuio. Kama iko katika ardhi ya kijiji, aangalie daftari la ardhi la kijiji, aulize kama ipo hati ya hakimiliki ya kimila, na apate muhtasari wa kikao cha Halmashauri ya Kijiji kilichoridhia, wenye tarehe na majina ya waliohudhuria. Aende kwenye kiwanja akiwa na majirani wa pande nne, wasimame mpakani, na maneno ya mipaka yaandikwe kwa utaratibu ule wa wazee wetu wa shurut. Tunaongeza la kwetu: aulize pia maji ya mafuriko yalifika wapi ukutani. Nalo ni kasoro, na muuzaji anayeificha ameingia katika hila iliyotajwa katika hati ya Al-Adda.

Kisha aulize juu ya mke. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamzuia mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenziwe. Baadhi ya ndugu zetu hukunja uso wakisikia hivyo, wakidai mume ana milki yake katika sharia. Kweli anayo. Lakini wangapi wanajua ni tofali ngapi za nyumba zilinunuliwa kwa pesa ya mama ya vitumbua? Kumuuliza hakupunguzi milki ya mtu, na kunafunga mlango wa kesi.

Upande wa mteja nako kuna wajibu. Amweleze wakili wake ukweli wote. Asimwombe aandike bei ndogo kuliko iliyolipwa ili kupunguza kodi na ushuru wa stempu. Hiyo ni shahada ya uongo kwa maandishi, na siku nyumba ikitokea mwenyewe, utadai fedha ile ndogo uliyoiandika, si ile uliyoitoa. Tena hati isiyolipiwa ushuru wa stempu mahakama haiipokei kuwa ushahidi. Na aombe hati iandikwe kwa Kiswahili. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ni lugha ya sheria na ya mahakama nchini mwetu, kwa hiyo hakuna sababu ya mzee wa Tindiga kutia saini juu ya Kiingereza asichokielewa, kama Mangungo alivyotia alama yake juu ya Kijerumani.

Nyumba ya mjane

Turudi kwa mstaafu wetu. Tulipoisoma ile karatasi tulikuta imeandikwa kwa Kiingereza. Aliyeiandaa hakuandika jina wala anuani. Aliletwa na dalali, na dalali aliletwa na muuzaji. Mashahidi wote wawili walikuwa rafiki zake dalali. Mpaka wa mashariki uliandikwa "kwa jirani". Muuzaji alikuwa mtoto wa kiume wa marehemu, naye hakuwa ameteuliwa na Mahakama ya Mwanzo kuwa msimamizi wa mirathi. Halmashauri ya Kijiji haikukaa kikao. Bei ilikuwa shilingi milioni nane.

Marehemu aliacha mke, mtoto mmoja wa kiume na mabinti wawili, wala hakuna mrithi mwingine. Mke ana thumuni, na kilichobaki mwanamume huchukua fungu la wanawake wawili. Ukiigawa nyumba mafungu 32, mama ana 4, kijana ana 14, na kila binti ana 7. Kwa bei ile, fungu moja ni shilingi laki mbili na nusu. Kijana alikuwa na haki ya milioni tatu na nusu. Aliuza, pamoja na haki yake, milioni nne na nusu zisizo zake.

Kwa upande wa sheria ya nchi, jambo lilikuwa jepesi: hakuna msimamizi, hakuna ridhaa ya kijiji, hakuna mauzo. Kwa upande wa fiqhi, kauli yenye nguvu kwa Mashafii ni kwamba anayeuza mali yake na ya mwenziwe kwa mkataba mmoja, mauzo yanasihi katika fungu lake tu, na mnunuzi ana hiari ya kuvunja au kuendelea kwa fungu hilo kwa sehemu yake ya bei. Kuuza mali ya mwingine bila idhini yake, katika kauli mpya ya Imamu Shafii, ni batili. Mahanafi na Wamaliki wanasema mauzo hayo yanasimama yakisubiri mwenyewe aridhie. Tuliyaeleza yote mawili mbele ya kila mmoja, na tukawaambia wazi kwamba sisi si mahakama, waende kwanza wakafungue mirathi.

Mstaafu alikasirika, na tunamsamehe. Alituambia, "Sheikh, kwani mimi kosa langu nini? Nimelipa, nimeandikiana." Tukamuuliza kama alimlipa aliyemwandikia. Akanyamaza, kisha akasema hapana, muuzaji ndiye aliyemlipa.

Mirathi ilifunguliwa, na mama akateuliwa kuwa msimamizi. Baada ya mazungumzo marefu mama na mabinti wakakubali kuuza, kwani nyumba ilikuwa imeanza kuzama maji na wao walitaka kuhamia Mikumi. Tatizo likawa fedha: kijana alikwishanunua pikipiki na nyingine zimekwenda. Mstaafu alisubiri mavuno mawili, kijana akilipa kidogo kidogo kwa mpunga, na salio mstaafu akaliongeza kutoka mfukoni mwake.

Hati mpya iliandaliwa na wakili aliyetafutwa na mstaafu mwenyewe, kwa Kiswahili, yenye jina na anuani ya aliyeiandaa, mipaka minne na dhamana ya daraki. Ilisomwa chini ya mwembe mbele ya Halmashauri ya Kijiji na majirani. Wakili alipomaliza kusoma akampa mama kalamu. Mama hakuipokea. Akasema, "Mwanangu, isome tena, polepole, hapo penye mpaka wa kwa jirani."

Ikasomwa tena. Kisha akatia dole gumba.